Laini za Kiganjo: Neno Moja la Kiingereza na Makazi Yake katika Kiswahili

Msafiri ashukaye Kiganjo, kilomita chache tu kutoka mjini Nyeri, hatakosa kulisikia neno laini mara kadhaa kabla ya jua kutua, na kila mara likiwa na maana nyingine. Ataambiwa kwamba laini ya Nanyuki hupita pale. Ataonyeshwa laini za polisi, yaani nyumba zilizojengwa kwa safu ndani ya ua wa chuo ambacho, tangu enzi za ukoloni, askari wa Kenya wamekuwa wakifunzwa kazi yao. Utingo atamwuliza anataka gari la laini gani. Penye duka ataombwa afuate laini kama wenzake, na mwenye duka, akiwa hana wateja wengi, huenda akamtaka anunue laini, na hapo itatolewa kadi ndogo isiyozidi ukucha wa kidole gumba.

Jina la mahali penyewe lastahili kutajwa kwanza, kwa kuwa lina mafunzo kwa mwanaisimu. Katika Kiswahili ganjo, wingi maganjo, ni mahali palipokuwa makazi ya watu kisha pakahamwa. Kikuyu nacho kina kĩganjo kwa maana iyo hiyo. Hapo pana neno la Kibantu lililo ndugu katika lugha mbili, lisilohitaji kuazimwa na yeyote. Juu ya ganjo hilo ndipo lilipokuja kujengwa neno la kigeni, na namna lilivyojengwa ndiyo inayochunguzwa hapa.

Neno lenyewe ni line la Kiingereza. Waingereza walilipata kutoka Kilatini, ambamo linea ilikuwa uzi wa kitani. Uzi ukivutwa huacha alama iliyonyooka, na kutokana na alama hiyo zikazaliwa maana nyinginezo: safu ya watu, njia ya meli au ya gari la moshi, ukoo, mpaka, msimamo wa chama, kazi ya mtu, mshororo mmoja wa wimbo, waya wa simu, hata ikweta. Mabaharia wa zamani walipovuka ikweta walisema wamevuka line tu, bila kuongeza neno, na kila mwenzao akaelewa. Katika Kiingereza, basi, maana hizi zote zimefungwa katika tita moja, na kamba ya tita hilo ni ule uzi wa kwanza.

Kosa la msingi katika mafunzo ya tafsiri mashuleni, na hata katika baadhi ya kamusi ndogo za lugha mbili, ni kudhani kwamba Kiswahili nacho kina tita moja la kufanana na hilo, na kwamba jina lake ni mstari. Mwanafunzi hukaririshwa hivyo, akatoka darasani akiamini kwamba kila line ni mstari na kwamba asemaye laini ni mvivu wa kufikiri au mtu aliyeharibiwa na mji. Kamusi kubwa, tangu zile alizozianza Frederick Johnson zikachapishwa mwaka 1939, hazikosi kuorodhesha visawe kadhaa. Lakini orodha ya visawe haimwambii msomaji kwa nini vimekuwa vingi wala nani hutumia kipi. Humwachia mwenyewe achague, naye huchagua cha kwanza.

Sababu ya wingi huo haiko mbali. Mstari umetoka Kiarabu, katika mzizi unaohusu maandishi, na jamaa yake wa karibu ni jina la kifaa cha kupigia mistari. Asili yake, basi, ni meza ya karani. Safu nayo ni ya Kiarabu, lakini ilipitia msikitini na vitani, ambako watu husimama bega kwa bega. Mshairi ana mshororo, na ndani ya mshororo ana ukwapi na utao. Mwalimu asemaye kwamba line ni mstari basi, amekwisha kukosea kabla hajatoka katika somo la ushairi. Mvuvi ana mshipi. Mwashi ana timazi. Fundi cherehani akitia kitambaa cha ndani ya koti hutia bitana, na Mwingereza husema ametia lining, neno lililotoka katika kitani kile kile. Nguo huanikwa kambani, uso wa mzee huwa na makunyanzi, ukoo una nasaba. Kiswahili hakikuwa na upungufu hata kidogo. Kilichokuwapo ni kwamba kila kazi ilikuwa na neno lake, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kumfunga mvuvi, karani na mshairi katika tita moja kwa kuwa tu wote watatu hushughulika na vitu vilivyonyooka.

Kwa hiyo swali la maana si kwa nini Waswahili waliazima neno walilokuwa nalo, kwa maana hawakuwa nalo. Swali ni maana zipi kati ya zile nyingi ziliruhusiwa kuingia, na zipi ziliachwa nje ya mlango.

Zilizoachwa ni nyingi. Hakuna mvuvi aliyeacha mshipi akashika laini. Mwalimu wa hesabu huchora mstari, na hata wale wasemao laini mchana kutwa humwambia mtoto apige mstari chini ya kichwa cha insha. Nchi za kusini mwa Afrika na jirani zao zilipoungana kupinga utawala wa walowezi na ubaguzi wa rangi ziliitwa kwa Kiswahili nchi zilizo mstari wa mbele, hazikuitwa za laini ya mbele, ingawa jina hilo lote ni tafsiri ya Kiingereza na laini ilikuwa imekwisha kuzoeleka. Msimamo wa chama ukabaki msimamo.

Zilizoingia ni chache, nazo zina jambo moja linalozifunga. Ya kwanza ni njia ya reli. Reli ilifika Thika mwaka 1913, ikasogezwa hatua kwa hatua kupitia nchi ya Nyeri hadi Nanyuki, ambako ilifika mwaka 1930. Kiganjo ikawa stesheni yake. Hapa yafaa kutofautisha jambo ambalo kamusi hulipita haraka: reli ni chuma, laini ni tawi. Mfanyakazi husema reli imeng'oka, hasemi laini imeng'oka. Lakini husema laini ya Nanyuki ilikufa miaka mingi, na kwamba ilifufuliwa mwaka 2020, gari la abiria liliporudi Desemba ya mwaka huo. Kinachokufa na kufufuka ni huduma na utaratibu. Vile vyuma vilikuwapo majanini muda wote.

Ya pili ni makazi ya askari. Maana hii haikuzaliwa Uingereza. Waingereza waliipata katika jeshi lao la India, ambako vibanda vya askari wenyeji vilijengwa kwa safu na kuitwa lines. Ilifika Afrika ya Mashariki pamoja na mambo mengine mengi ya India, ikiwa ni pamoja na sheria ya makosa ya jinai ya huko, iliyotumika Kenya hadi ilipowekwa nyingine mwaka 1930. Jirani yake ni neno landhi, linalotaja nyumba za wafanyakazi wa reli, ambalo limetoka katika lugha za Kihindi zenyewe na kuacha alama yake katika jina la barabara ya Landhies mjini Nairobi. Kwa hiyo mfanyakazi wa reli alilala landhi na askari akalala laini, nyumba zao zikiwa za mfano mmoja, na mwajiri wao akiwa serikali ile ile. Mtu asemaye kwamba maneno hayo mawili ni visawe hajapata kuishi katika mojawapo.

Jambo linalozifunga maana hizi ni kwamba laini haichorwi na msemaji. Yeye huikuta imekwisha kuwekwa, kisha huingizwa ndani yake. Reli iliwekwa, nyumba za askari ziliwekwa, waya wa simu uliwekwa, na kila kimoja kilikuja na mamlaka yake, na daftari lake la majina. Kwa sababu hiyo Kiswahili kiliacha mstari kwa yule ashikaye kalamu, kikaipa laini kazi ya kutaja mpango wa mkubwa. Hata Kikuyu kimefanya vivyo hivyo. Lugha hiyo ina mũhari kwa safu na mstari, nalo ni neno zima lisilo na kasoro, lakini makazi ya polisi huitwa raini, kwa kuwa Kikuyu hakina sauti ya l. Neno la nyumbani lilibaki kwa vitu vya nyumbani.

Kuna ushahidi unaoelekea kupinga maelezo haya, na si haki kuuficha. Mwaka 1988 wanachama wa KANU waliwachagua wagombea wao kwa kupanga msururu nyuma ya mgombea au wakala wake, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya waliopanga alihesabiwa kuwa amepita bila kura ya siri. Ikiwa pamewahi kuwapo safu iliyowekwa na mamlaka, ni hiyo. Hata hivyo haikuitwa laini. Iliitwa mlolongo, na baada ya chama kuuacha utaratibu huo Desemba 1990 jina hilo lilibaki likiwa tusi la kisiasa, ambalo hadi leo hutupiwa uchaguzi wowote unaoshukiwa. Kwa nini mlolongo? Jibu lililo karibu ni kwamba mlolongo hutaja watu wenyewe wakiongezeka mmoja nyuma ya mwingine. Hautaji mahali walipowekwa. Laini hubaki hata ikiwa tupu: nyumba za askari ni laini hata askari wote wakiwa likizoni. Mlolongo usio na watu haupo. Na katika mwaka ule kilichobishaniwa ni watu, yaani urefu wa mlolongo huu ukilinganishwa na ule, na macho ya waliouona mrefu ukitangazwa kuwa mfupi.

Majina ya mahali yanathibitisha tofauti hiyo. Pembeni mwa barabara kuu ya Mombasa, karibu na Athi River, upo mji uitwao Mlolongo, uliopata jina kutokana na malori yaliyokuwa yakipanga msururu kungoja mizani. Na ndani ya Kibera, ardhi iliyotengewa kwanza askari Wanubi wa jeshi la KAR, upo mtaa wa Laini Saba. Wangojao wakaupa mji jina moja, askari wakaupa mtaa jina jingine. Tena Laini Saba ina utata wa sarufi unaopendeza. Yaweza kuwa laini zilizo saba, na yaweza kuwa laini ya saba ambayo kiunganishi chake kimedondoka, kama ilivyo kawaida katika lugha ya kambini, ambako nambari hufuata jina bila adabu yoyote. Kiswahili kinaziruhusu tafsiri zote mbili, na wakazi hawajaona haja ya kuchagua.

Foleni nayo ina kisa chake. Wengi hukubali kwamba ni amri ya gwaride la Kiingereza, fall in, iliyosikika kila asubuhi katika viwanja kama kile cha Kiganjo hadi ikageuka kuwa jina. Kwa Mwingereza ni tendo la kujiunga na safu. Kwa Mswahili ni ile safu yenyewe. Kisha ikatoka kambini ikaenda madukani, na huko Dar es Salaam ikapanda barabarani, ikawa msongamano wa magari. Laini ya watu na foleni ya watu sasa zinakaribiana sana, na hapa ndipo mahali pekee ambapo mwalimu anayo haki kidogo ya kulalamika, kwa kuwa foleni inatosha. Lakini amelalamika akichelewa.

Ama kuhusu umbo la neno, kuna mambo mawili yasiyostahili kupuuzwa. La kwanza ni kwamba Kiswahili kilikuwa na laini nyingine tangu zamani, ile ya Kiarabu, yenye maana ya -ororo, isiyoparuza. Maneno mawili yaliyotoka pande mbili za dunia yamekutana katika silabi zile zile tatu na mkazo ule ule. Yanatenganishwa na sarufi peke yake. Ya Kiarabu ni kivumishi nayo ina watoto, lainika na lainisha; ya Kiingereza ni nomino ya ngeli ya I-ZI na haikuzaa kitenzi chochote, ndiyo maana watu husema kupanga laini au kupiga laini, wakiazima kitenzi kutoka kwingine. Kitanda laini na kitanda cha laini ni vitu viwili: kimoja chatamanika, na cha pili kina nambari ya serikali.

La pili ni ile silabi ya mwisho. Stesheni, foleni, laini: maneno yote matatu yalimalizika kwa n katika Kiingereza, yakaongezwa irabu, yakawa yanafanana na majina yenye kiambishi cha mahali, kama sokoni na kambini. Huenda hiyo ndiyo sababu msemaji husema niko laini, naenda stesheni, alikuwa foleni, bila kutafuta kwenye wala katika. Hakuna asemaye lainini. Neno lilikuja likiwa limekwisha kuvaa vazi la mahali, na likachukuliwa hivyo.

Mambo haya yaweza kuonekana kuwa ya wasomi tu mpaka yafikishwe mahakamani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Ibara ya 49 inampa mtu aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, na ibara ya 50 inampa mshtakiwa msaada wa mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha ya kesi. Lakini maelezo mengi hutolewa kwa Kiswahili kituoni na kuandikwa kwa Kiingereza, na mwandishi huyatafsiri papo kwa papo akiwa na kalamu mkononi. Na ichukuliwe sentensi fupi kama hii: Nilikuwa laini saa mbili usiku. Asemapo askari, maana yake ni kwamba alikuwa nyumbani kwake, nje ya zamu, pengine miguu ikiwa ndani ya karai la maji ya moto. Mwandishi aliyefunzwa kwamba laini ni line ataandika kwa Kiingereza kwamba mtu huyo alikuwa in line, na atakayeisoma sentensi hiyo ataona mtu aliyesimama katika safu, huenda akiwa kazini, huenda akiwa na silaha. Ikiwa kesi inahusu bunduki iliyopotea saa hiyo, tofauti baina ya aliyekuwa kazini na aliyekuwa nyumbani si ndogo. Na ikiwa msemaji ni raia akaaye karibu na reli, sentensi hiyo hiyo itampeleka mahali pengine kabisa.

Hapa lawama ya wapenzi wa usafi wa lugha haisaidii kitu. Hata kama shahidi angefunzwa kusema mstari, nilikuwa mstari ingekuwa si Kiswahili, na nilikuwa mstarini ingemweka ndani ya daftari. Neno makazi lingefaa, ila linafaa kwa raia wote na lingepoteza lile jambo moja ambalo laini hulisema, yaani kwamba nyumba hiyo ni ya jeshi la polisi na kwamba akiondoka kazini ataondoka humo. Mjane wa askari hulielewa neno hili kuliko mhariri wa kamusi.

Maana ya mwisho ndiyo inayoonyesha kwamba neno limekwisha kuhama uraia. Simu za mkono zilipoenea, ile kadi ndogo iingizwayo ndani yake iliitwa laini, Kenya na Tanzania pia. Mwingereza hana matumizi hayo. Kwake line ya simu ni muunganisho wala si kitu cha kushikwa. Mswahili husema laini yangu imepotea, simu ya laini mbili, nimebadilisha laini. Uzi wa kitani umefika mahali ambapo hamna uzi wala waya, na bado wenye lugha ya asili hawakuwapo katika safari hiyo. Lakini lile sharti la kwanza halikuvunjwa. Huko Tanzania, mwaka 2019 na mwanzo wa 2020, wananchi walitakiwa kusajili laini zao kwa alama za vidole, la sivyo zizimwe. Neno lilikuwa lile lile la askari na la reli: kitu kilichokuja na daftari la majina.

Kamusi itakayolitendea haki neno hili haina budi kuwa na vidahizo viwili, laini ya kwanza na laini ya pili, bila kuchanganya Uarabu na Uingereza. Katika cha pili itenge njia ya usafiri, makazi ya askari, msururu wa watu, muunganisho wa simu na kadi yake, ikiwa na mfano wa matumizi kwa kila kimoja na ikionyesha kwamba nomino hii hukubali kusimama kama mahali bila kihusishi. Makazi ya askari yasiwekwe mwisho kana kwamba ni lugha ya mtaani. Na kwa upande wa Kiingereza, chini ya line, mstari usitangulie peke yake. Aulizwe kwanza mtafutaji anatafuta mshipi, mshororo, bitana au nasaba. Mkalimani kortini anaweza kuuliza swali hilo leo bila kungoja kamusi yoyote. Shahidi akisema alikuwa laini, amuulize kwa upole, kabla ya kalamu kugusa karatasi: laini ipi?